Salongo ya mawazo wakati wa janga: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Goma

Sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea katika komini ya Karisimbi, mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Kati yetu kuna mafundi wa kushona, fundi wa kuchomelea vyuma, wauguzi wawili, wanafunzi na motari (dereva wa pikipiki ya abiria) mmoja ambaye anajua kila kichochoro cha Majengo. Tulianza mwaka 2019 Ebola ilipofika mjini, tukaendelea wakati wa COVID-19, na mpox, ugonjwa wa vipele, ikatukuta bado tuko kazini. Maswali haya tumeulizwa soko la Virunga, Kituku, nje ya kanisa na ndani ya makundi ya WhatsApp. Tumeyaandika jinsi watu wanavyoyauliza.

Hiyo salongo ya mawazo ni kitu gani?

Salongo ya kawaida, kazi ya pamoja ya mtaa, kila mtu anaijua: Jumamosi asubuhi, majembe na mafagio, mtaro unazibuliwa, takataka zinaondolewa. Wazee wetu wanakumbuka ile ya enzi za Mobutu, ambayo ilikuwa amri. Yetu haina amri, na hakuna anayekuja na jembe. Mtu anakuja na analolijua.

Kazi yenyewe ni hii: tatizo linasemwa wazi mbele ya wote, watu wengi wanaleta majibu, majibu yanajaribiwa, lililofaulu linatolewa bure ili yeyote alitumie. Halafu yule aliyeleta wazo anarudishiwa habari, likiwa limekubaliwa au limekataliwa. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo inayoamua kama kesho watu wataleta wazo lingine au watanyamaza.

Lakini magonjwa si kazi ya waganga (madaktari) na serikali?

Kuchunguza damu, kutibu na kuchanja ni kazi yao, na hatutaki kuwaingilia. Ila ugonjwa wa kuambukiza hautembei hospitalini tu. Unapanda basi, unaingia kilioni, unakaa kwenye benchi la saluni. Mahali hapo muganga hayupo, sisi tupo.

Kumbukeni Julai 2019. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola aliyethibitishwa Goma, tarehe 14, alikuwa amekuja kwa basi kutoka Butembo. Ili watu waliokaa naye wapatikane haraka na kuchanjwa, ilibidi dereva na abiria wajulikane. Habari ya namna hiyo haipo kwenye maabara. Ipo kwa dereva, kwa wauza tiketi, kwa wanaowapokea wageni. Siku tatu baadaye, tarehe 17, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba janga hilo ni dharura ya dunia nzima. Goma, mji wenye watu wengi hivi na mpaka unaovukwa kwa miguu kila siku kwenda Gisenyi, Rwanda, iliweza kuwaka. Haikuwaka. Wagonjwa waliopatikana mjini walikuwa wachache sana.

Kuna mfano wa hapa kwetu unaoonyesha kwamba maneno ya raia yalibadilisha kitu?

Upo, na tunapenda kuusimulia kwa urefu, maana watu wengi wanadhani mambo haya yalianzia Ulaya na kompyuta.

Janga la 10 la Ebola nchini kwetu lilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, upande wa Mangina na Beni, likaisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470, na waliokufa 2,287. Tangu mwezi huo wa kwanza, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, na kila walichoambiwa walikiandika: maswali, matusi, uvumi, mapendekezo. Halafu maneno hayo yalipangwa kwa mafungu na kuhesabiwa, wakisaidiana na wataalamu wa kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa, na matokeo yakapelekwa kwa wakubwa wa kazi.

Moja lililorudi tena na tena lilikuwa kuhusu mifuko ya maiti. Familia ilikuwa inapokea mfuko uliofungwa, haioni kitu. Wengine waliamini kwamba ndani kuna mawe, au kwamba viungo vimeibwa. Mtaalamu angeweza kusema huo ni ujinga, akaongeza mahubiri kwenye redio. Badala yake mifuko inayoonyesha ndani ikaletwa, familia ikaweza kumtazama mtu wao kwa mara ya mwisho. Wazo hilo lilitoka kwenye midomo ya watu waliokuwa na hasira.

Vivyo hivyo vile vyumba vya plastiki angavu ambavyo shirika la ALIMA lilitumia Beni, vinavyoitwa CUBE. Mgonjwa analazwa ndani, muganga anamhudumia kupitia mikono ya plastiki iliyoshonwa ukutani, na mama yake anasimama nje anamwona mchana kutwa. Mtu aliyeshuhudia jinsi ndugu walivyokuwa wakipotelea nyuma ya maturubai anajua ukuta wa kuonekana una maana gani.

Halafu kuna waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kuwashika watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. UNICEF ilisaidia kufungua vituo vya kulelea watoto karibu na vituo vya matibabu vya Beni na Butembo, na waliopona ndio waliobeba watoto hao, wakawalisha na kuwabembeleza. Hakuna mashine iliyoweza kufanya kazi ile.

Na kwingine duniani, wakati wa COVID-19, watu walishirikiana vipi?

Shirika la Afya Duniani lilitumia neno janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kinshasa. Lakini ushirikiano ulikuwa umeshaanza miezi miwili kabla. Tarehe 11 Januari, timu ya profesa Zhang Yongzhen wa China, ikisaidiwa na Edward Holmes wa Australia, iliweka wazi kwenye intaneti mpangilio mzima wa vinasaba vya virusi. Siku mbili baadaye maelekezo ya kipimo kilichotengenezwa Berlin yalikuwa yanasomeka na maabara yoyote. Kama mpangilio ule ungefungiwa kabatini, kipimo kingechelewa kila mahali, hata Kinshasa.

Machi hiyohiyo, hospitali ya Chiari karibu na Brescia, Italia, iliishiwa na kifaa kidogo cha kuunganisha mashine ya kupumulia. Kampuni ndogo ya hapo, Isinnova, ikakichora upya na kukichapa kwa printa ya 3D ndani ya saa chache. Baadaye wakachukua barakoa ya kuogelea inayouzwa na Decathlon, wakatengeneza kiungo cha kuigeuza iwe ya kumpa mgonjwa hewa, mchoro wakautoa bure.

Kuna pia mradi wa COVID Moonshot. Maabara ya Uingereza ilitoa picha za protini moja ya virusi, na wanakemia kutoka nchi nyingi wakaombwa kubuni molekuli ya kuiziba. Mapendekezo yalizidi 18,000. Yaliyochaguliwa yalitengenezwa, yakapimwa, na kila tokeo likawekwa wazi, hata lile lisilofaa. Wakati huohuo raia wa kawaida walikuwa wanaazima kompyuta zao kwa mradi wa Folding@home, ambao unagawa hesabu kubwa katika vipande vidogo na kuvipeleka kwenye mashine za watu majumbani.

Karibu zaidi na sisi, Bungoma nchini Kenya, mtoto wa miaka 9 alitengeneza kwa mbao kifaa cha kunawia mikono kinachokanyagwa kwa mguu, akapewa tuzo na rais Juni 2020. Sisi tulipoona picha yake tulienda moja kwa moja kwa fundi wetu wa vyuma. Kilichofuata tunakisimulia hapo chini, na si hadithi ya ushindi.

Tuseme pia kwamba mengi yalipotea. Mwaka ule watu walikusanyika kwa intaneti siku mbili au tatu kubuni vitu. Ujerumani peke yake, wikiendi ya 20 hadi 22 Machi, walishiriki zaidi ya 28,000. Mawazo yalikuwa mengi, lakini baada ya wikiendi kazi ndefu huwa haina mwenyewe. Mashine ya kupumulia iliyotengenezwa gereji inapendeza kwenye picha. Kuiweka kifuani mwa mgonjwa kunataka vipimo, vibali, hewa ya oksijeni, umeme usiokatika na muuguzi aliyefundishwa. Hapa Goma kilichopungua si uhodari wa mafundi, ni hayo mengine.

Simu yangu ni ya vibonyezo na sina mega (bando la intaneti). Naweza kuchangia nini?

Mengi. Mwuza samaki wa Kituku anajua saa ambayo watu wanajazana kuteka maji ziwani. Motari anajua nani amebeba mgonjwa usiku na kituo gani kilikuwa kimefungwa. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anajua njia inayopitika juu ya mawe ya volkano ikiwa imebeba bidoni (madumu) ishirini. Tulipotaka kupeleka maji na sabuni pembeni ya Ndosho, aliyetuchorea njia alikuwa kijana wa chukudu, kwa kijiti, chini kwenye mchanga mweusi. Tulikuwa na ramani kwenye simu. Yake ilikuwa bora.

Peleka unalolijua kwa reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa avenyi yako, yaani mtaa wako, au kwa shefu wa nyumba kumi, au simama kwenye barza, mkutano wa wakazi, useme. Mmoja wetu ataandika.

Mlisema mna hadithi isiyo ya ushindi. Mlikosea nini?

Katikati ya 2020 tulichomelea vinawio saba vya kukanyaga, tukaviweka kwenye soko moja. Vilikuwa vizuri: kanyagio moja inamwaga maji, nyingine sabuni, mkono haugusi kitu. Tulipiga picha nyingi. Baada ya wiki tatu, vinne vilikuwa vikavu, kimoja kimekatika waya, na kimoja kimefanywa meza ya nyanya.

Tulikasirika, tukasema watu hawapendi usafi. Mama mmoja muuza unga alituita akatuuliza swali moja tu: «Nani anajaza?» Hatukuwa na jibu. Bidoni moja ya maji sokoni pale inanunuliwa. Sisi tulikuwa tumeleta chuma, mzigo wa maji tukawaachia wao bila kuwauliza. Tena, akasema, kanyagio iko ngumu kwa mzee, na mmekiweka mlangoni ambako watu wana haraka. Kiwekeni karibu na choo na karibu na wauza chakula, ndipo mtu anasimama.

Tulifanya alivyosema. Akina mama wa upande wa chakula wakaweka mchango mdogo kila siku, kama wanavyofanya kwenye likelemba (mchango wa kupokezana), wa kumlipa anayeleta maji. Vinawio vitatu tulivyovihamisha viliendelea kufanya kazi hadi mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo hatuchomelei kitu kabla ya kuuliza nani atakijaza, nani atakitengeneza kikiharibika na kwa feza ya nani.

Naweza kutengeneza dawa ya kupaka mikono kwa kanyanga (pombe kali ya kienyeji)?

Hapana, tafadhali. Tunaulizwa hili kila janga linapoanza na linatutia hofu. Kanyanga haina kipimo: huwezi kujua ina alkoholi kiasi gani, na inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Pia inashika moto, na nyumba zetu nyingi zina mbabula (jiko la makaa) inayowaka pembeni ya mlango.

Mapishi sahihi yapo na ni ya bure. Shirika la Afya Duniani liliyatoa kwa ajili ya hospitali zisizo na uwezo wa kununua. Kwa lita 10 unahitaji etanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 mililita 417, na gliserini ya asilimia 98 mililita 145. Unajaliza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Halafu chupa zinakaa saa 72 kabla ya kutumika ili vijidudu sugu vilivyokuwa kwenye chupa vife. Ni kazi ya mfamasia mwenye vipimo, si ya jikoni. Mkiwa na mfamasia kwenye kartye (mtaa) yenu, huyo ndiye wa kumleta kwenye salongo.

Nyumbani, sabuni ya kipande na maji yanatosha. Kwa kusafisha meza na sakafu, maji ya javel (dawa ya klorini) yenye nguvu ya asilimia 5 yanachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Usiyachanganye kamwe na kitu kingine cha kusafishia.

Barakoa za kitenge zilisaidia kweli?

Zilisaidia zaidi zilipokuwa zimeshonwa vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 5 Juni 2020 ulisema tabaka tatu: la ndani la pamba linalonyonya, la katikati la kuchuja, la nje lisilopitisha unyevu kirahisi. Zilizokuwa zinauzwa barabarani nyingi zilikuwa tabaka moja, na nyingine zilijaribiwa na wateja watano kabla ya kununuliwa. Mafundi wetu walichora kipimo kimoja cha karatasi wakakisambaza kwa wenzao wa Birere, ili kila mmoja akate kwa namna ileile. Kwa mpox jambo ni tofauti, kwa sababu inaenea hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa hiyo kitambaa usoni hakitoshi.

Kwa nini mnatusumbua na ramani?

Kwa sababu Goma ni mji unaoelekezwa kwa maneno. «Ukifika kwenye kanisa, pinda kwa yule mama wa makala, halafu uliza.» Mkazi anafika. Timu inayomtafuta mtu aliyekaa karibu na mgonjwa haifiki, au inafika kesho, na kwa Ebola kesho ni mbali. Tena mji wenyewe unabadilika: lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya 22 Mei 2021 ikafunika mitaa ya upande wa Buhene. Ramani ya zamani inaonyesha barabara ambazo leo ni mwamba.

OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha, tangu 2004. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, watu waliokaa nchi za mbali walichora mapaa na barabara zetu kutoka kwenye picha za satelaiti. Ni msaada mkubwa na tunawashukuru. Ila aliye mbali anaona paa, haoni kwamba chini yake kuna duka la dawa, au kwamba kisima kile kilikauka. Jina la avenyi, saa za kituo cha afya, daraja la mbao lililovunjika: hayo ni ya kwetu kuyaandika. Wanafunzi wetu wanatembea wakiwa wawili wawili, wanauliza, wanaandika kwenye karatasi, jioni mmoja mwenye mega anayapandisha.

Kwa upande wa usalama tuna sheria ngumu. Hatuchori kambi za waliokimbia vita bila kuwauliza wanaoishi ndani, na hatuweki nyumba ya mgonjwa kwenye ramani hata siku moja.

Kwa nini siri hiyo yote? Si tungejua nyumba yenye ugonjwa tukajilinda?

Tunaelewa hofu hiyo. Lakini tumeona kinachofuata jina likitoka. Mtoto anakataliwa shuleni, biashara inakufa, kodi ya nyumba haipokelewi tena, na familia inayofuata yenye dalili inajificha chumbani. Ugonjwa uliofichwa ndio unaotuua sisi majirani. Kwa hiyo kwenye daftari letu kuna kartye, tarehe na jambo lililosemwa. Jina la mgonjwa linaenda kwa muuguzi peke yake. Picha ya mtu mwenye vipele ikiingia kwenye kundi letu la WhatsApp, tunaifuta na aliyeituma tunampigia simu.

Babu yangu ana dawa ya mitishamba. Mtaidharau?

Hatumdharau babu. Dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea, na mwaka 2020 hata Shirika la Afya Duniani na Africa CDC, kituo cha Afrika cha kuzuia magonjwa, walikubaliana juu ya utaratibu wa kujaribu dawa za asili kwa COVID-19, baada ya kinywaji cha artemisia cha Madagascar kuzua mjadala mkubwa. Swali ni moja: tutajuaje kwamba mtu alipona kwa dawa, na si kwamba angepona hata bila hiyo?

Jibu lilitolewa hapa kwetu Kivu. Kuanzia Novemba 2018, wakati risasi zinalia, wagonjwa wa Ebola walipewa kwa kura moja kati ya dawa nne, na matokeo yakahesabiwa. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa kwa sababu mbili zilikuwa zimeonekana wazi kuwa bora. Waliopewa dawa ya ZMapp, moja ya zile nne, walikufa karibu nusu. Waliopewa mAb114, moja ya zile mbili bora, walikufa asilimia 35. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na profesa Jean-Jacques Muyembe ana mkono mkubwa katika historia yake. Kwa hiyo mwili wa Mkongo mmoja aliyepona ulibeba jibu kwa miaka zaidi ya 20, likapimwa na Wakongo, likaokoa Wakongo. Mwambieni babu hadithi hii. Kisha muulizeni kama yuko tayari majani yake yapelekwe kwa wanaojua kupima, na wakati huo asimzuie mgonjwa kwenda kituoni.

Uvumi mnaufanya nini?

Tunauandika kama tunavyoandika wazo. Uvumi ni swali ambalo halijajibiwa. Tunautafutia jibu kwa muuguzi, na jibu linarudi kwenye kundi lilelile ulikotoka, kwa Kiswahili cha hapa, kwa sauti badala ya maandishi kwa sababu si wote wanasoma.

Mnalipwa? Watu wanasema magonjwa ni biashara.

Hatulipwi. Tunaelewa neno hilo lilitoka wapi. Wakati wa Ebola watu waliona magari mapya mengi, nyumba zikikodishwa kwa dola, na kijana wa kartye akibeba kazi ngumu kwa malipo ya kuchelewa. Hasira ile ilikuwa na sababu, na iliharibu imani iliyochukua muda mrefu kurudi.

Kwetu mchango wa feza unatangazwa kwenye barza, kiasi na matumizi, franka kwa franka. Tunaamini pia kwamba kujitolea kuna mpaka. Fundi akishona barakoa 200, kitambaa na uzi lazima vilipwe na mtu. Kumwambia afanye bure kwa upendo wa nchi wakati watoto wake hawajala ni kumnyonya.

Wazo langu likichukuliwa na kampuni kubwa?

Tukichora kitu, tunakitoa kwa leseni huria: yeyote anaweza kukitengeneza, kukiboresha na hata kukiuza, mradi ataje kilikotoka na mabadiliko yake ayaweke wazi. Wewe mwenye wazo unaamua kabla. Ukitaka kulibaki nalo, tutaliheshimu hilo na hatutalichora.

Vita vikija, kazi hii inaendeleaje?

Kwa shida. Aina mpya ya mpox ilijitokeza Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kivu Kusini, Septemba 2023. Mwaka uliofuata ilikuwa tayari kambini pembeni ya Goma, ambako familia nzima inalala chini ya turubai moja na kumtenga mgonjwa ni neno tupu. Tarehe 14 Agosti 2024 dharura ya dunia ikatangazwa, na chanjo ikaanza Goma tarehe 5 Oktoba. Halafu, mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yakaingia mjini. Wagonjwa wengi wa mpox walikimbia vituo walikokuwa wametengwa, kambi zikabomolewa, watu wakatawanyika na ugonjwa wao.

Siku hizo hatukukutana. Kilichobaki ni simu: reko anampigia reko, mwenye betri anamchajia mwenzake. Watu walikuwa wanauliza wakae wapi na kidonda kinaoshwaje, na muuguzi wetu alijibu kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, akiwa chini ya kitanda. Wengine walitusaidia bila sisi kujua. Mwenye nyumba mmoja alitoa chumba kimoja cha nyuma, chenye mlango wake, kwa mgonjwa ambaye hakuwa ndugu yake.

Nikileta wazo, nitajibiwa lini?

Ndani ya siku 7, hata kama jibu ni hapana, na hapana tunaieleza sababu. Daftari letu lina upande wa kushoto wa yaliyoletwa na upande wa kulia wa majibu. Jumapili jioni tunafungua kurasa zote ambazo upande wa kulia bado ni mweupe. Leo ziko tatu. Moja ni ya mama wa Majengo anayeuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani): alituuliza nani atamshikia meza yake sokoni kwa siku zote ambazo atakaa ndani akiugua, ili asije akaficha vipele vyake kwa ajili ya njaa ya watoto. Bado hatujapata jibu zuri. Motari wetu anapita kwake kila Ijumaa kumwambia tumefika wapi.